Majaribio 5 ya kemia kwa mtoto wa shule ya msingi: vifaa viko jikoni na ufukweni Mtwara

Watoto wengi wanajua kwa kukariri kwamba asidi hubadili litimasi ya bluu kuwa nyekundu. Wanaijibu kwenye mtihani, wanapata alama, lakini litimasi yenyewe hawajawahi kuiona. Sababu inayotajwa ni ile ile: shule haina maabara.

Kwa majaribio ya kwanza, maabara sio lazima. Mtoto wa Chikongola, au kata nyingine ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ana bahari karibu, ana choya na ndimu sokoni, ana magadi na jivu jikoni. Tena kemia ni kazi za hapa hapa nyumbani. Gesi asilia ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, inachimbwa mkoani humu. Saruji inatengenezwa hapa, na korosho zinabanguliwa hapa.

Kabla ya kuanza

Mtu mzima awepo muda wote. Mtoto asionje wala kunywa chochote cha jaribio, na anawe mikono akimaliza. Usitumie kabisa maji ya betri ya gari, dawa za kusafishia choo wala chokaa ya unga, vinaunguza ngozi na macho. Maganda ya korosho mbichi nayo yaache, mafuta yake yanababua ngozi.

1. Choya inayobadilika rangi

Chemsha kikombe kimoja cha maji, tia choya kavu kiasi cha kiganja, acha dakika 10, kisha chuja na upoze. Gawa kwenye glasi nne na uongeze maji kidogo ili rangi isiwe nzito. Glasi ya kwanza iache kama ilivyo. Ya pili tia ndimu, ya tatu maji ya sabuni ya kipande, ya nne magadi kidogo kwenye ncha ya kijiko.

Ya ndimu itakuwa nyekundu kali zaidi. Za sabuni na magadi zitaelekea zambarau, bluu au kijani, kutegemea kiasi ulichotia. Ndimu ni asidi, sabuni na magadi ni besi, na choya imefanya kazi ile ile ya litimasi. Sasa mwache mtoto apime mwenyewe ukwaju, maji ya jivu na maji ya bahari.

2. Jiwe linalotoa mapovu

Okota ufukweni kipande cha tumbawe lililokufa au ganda la konokono. Ganda la yai pia linafaa. Liponde, weka kwenye glasi, mimina siki au maji ya ndimu. Mapovu yanayopanda ni hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi.

Ukitaka hewa nyingi zaidi, tumia magadi badala ya tumbawe. Mapovu yakipungua, mtu mzima ashushe njiti ya kiberiti inayowaka ndani ya glasi bila kugusa maji. Itazimika, kwa sababu hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inabaki chini na kuunyima moto oksijeni.

Majumba ya kale ya Mikindani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo hupatikana kwa kuchoma mawe hayo, na yakiungua hutoa hewa hiyo hiyo. Lakini usivunje matumbawe yaliyo hai baharini, ni makazi ya samaki.

3. Chumvi kutoka baharini

Chota maji ya bahari sehemu safi, chuja kwa kitambaa, mimina kwenye sahani bapa na uanike juani siku mbili au tatu. Pembeni weka sahani nyingine yenye maji ya bomba ili ulinganishe.

Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, hivyo hata nusu kikombe kitaacha chembe nyeupe za kutosha kuonekana. Hapa hakuna kitu kipya kilichotengenezwa: maji yamekwenda, chumvi iliyokuwemo imebaki. Hili ni badiliko la kiumbo. Lile la tumbawe na siki ni badiliko la kikemikali, maana kilitoka kitu kipya.

4. Msumari na kutu

Tafuta misumari mitatu isiyo na kutu na glasi tatu. Ya kwanza tia maji ya bomba, ya pili maji ya bahari. Ya tatu tia maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha mimina mafuta ya kula juu yake kuzuia hewa. Misumari izame yote. Angalia kila siku kwa wiki moja.

Ule wa kwenye mafuta utabaki safi kwa muda mrefu, kwa kuwa kutu inahitaji maji na oksijeni kwa pamoja. Kwenye maji ya bahari chumvi huharakisha kazi. Ndiyo maana mabati ya nyumba za pwani huoza mapema.

5. Kutafuta wanga

Nunua duka la dawa iodini ya kupaka kwenye vidonda. Dondoshea tone moja kwenye muhogo, wali na nyanya. Palipo na wanga patageuka bluu-nyeusi. Kisha linganisha embe bichi na embe bivu. Embe likiiva, wanga wake unageuka sukari, kwa hiyo bichi ndilo hubadilika rangi zaidi. Iodini inaacha madoa kwenye nguo, na vipande vilivyopimwa vitupwe.

Usimpe jibu kwanza

Kabla ya kila jaribio, mtoto aandike kwenye daftari anachodhani kitatokea. Baadaye aandike alichokiona, hata kama ni tofauti na alivyodhani. Akikosea, msirudie maelezo, rudieni jaribio. Choya na ndimu havigharimu sana, na akishaona rangi ikigeuka mikononi mwake, swali la asidi na besi halitakuwa tena la kukariri.