Götzen: meli ya vita ya Wajerumani iliyozama mara mbili ku Tanganyika, kisha ikarudisha wakimbizi wa Kongo

Vita ya Wajerumani ya majini ikitajwa, wengi wanafikiria nyambizi, zile meli zinazotembea chini ya maji kule bahari ya Atlantiki. Lakini meli kubwa ya vita ya Wajerumani iliyogusa inchi yetu haikutengenezwa kwa kutembea chini ya maji, hata kama ilikaa chini ya maji miaka mingi. Iliitwa Graf von Götzen. Leo inaitwa Liemba, na watu wa Uvira ao Kalemie wengi wanaijua kwa jina hilo bila kujua lile la kwanza.

Ilitengenezwa mwaka wa 1913 na kampuni ya Meyer, katika mji wa Papenburg, Ujerumani. Jina lilitoka kwa Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa koloni ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki kuanzia 1901 mpaka 1906. Urefu wake ni metre 71, upana karibu metre 10, na ilikuwa na mashini mbili za mvuke.

Shida ilikuwa moja: namna gani meli ya metre 71 itafika ku ziwa lililo katikati ya Afrika? Mafundi waliifunga kwanza kwa buloni kule Papenburg ili kuona kama kila kipande kinaingia fasi yake. Kisha wakaifungua yote na kuitia ndani ya masanduku 5.000. Mtu wa Butembo hatashangaa sana, sababu anaona pikipiki zinafika ndani ya makarto na kufungwa hapa hapa. Masanduku yalipita baharini kutoka Hamburg mpaka Dar es Salaam, halafu kwa treni mpaka Kigoma, ambako reli ilifika mwaka wa 1914. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walitumwa na kampuni kuja kuifunga upya. Wakiwa katika ile kazi, vita ya kwanza ya dunia ikalipuka.

Kwa Kongo, vita ilianzia ku ziwa. Tarehe 22 mwezi wa nane 1914, meli ndogo ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilishambulia meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune upande wa Lukuga, karibu na fasi ambapo leo kuna mji wa Kalemie. Kabla ya hapo Wabelgiji walikuwa wanasema kama Kongo haitaingia katika vita. Toka siku ile maneno hayo yaliisha.

Götzen ilishushwa majini mwezi wa pili 1915 na ikaanza safari mwezi wa sita. Ilikuwa inabeba mamia ya askari kwa mara moja, kutoka ncha moja ya ziwa mpaka ingine. Iliwekewa mizinga, na mmoja, wa milimetre 105, ulitoka ku meli ya vita Königsberg ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe katika mto Rufiji mwezi wa saba 1915. Ku Tanganyika hakukuwa kitu cha kulingana nayo. Mwenye Götzen alikuwa mwenye ziwa.

Waingereza walijibu kwa vimashua viwili vya metre 12, Mimi na Toutou. Kwa Kifaransa hayo ni majina ambayo watoto wanaita paka na mbwa. Mswahili akisikia “Mimi” anaelewa kitu kingine. Vilitoka Cape Town kwa treni mpaka Fungurume, Katanga. Kutoka pale vilivutwa na ng'ombe na mashini za mvuke juu ya milima ya Mitumba, vikashuka mto Lualaba, kisha treni tena mpaka Lukuga. Barabara ya mlimani haikuwako: watu wa Katanga waliikata kwa mikono na kujenga madaraja zaidi ya mia moja. Vitabu vinamsifu sana mkubwa wa safari hiyo, Geoffrey Spicer-Simson. Wale waliokata miti, majina yao ni nadra kuyaona.

Vimashua hivyo viliteka Kingani tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1915, na vikazamisha Hedwig tarehe 9 mwezi wa pili 1916. Lakini Götzen ilipotokea, Spicer-Simson alikataa kuishambulia. Iliyoimaliza si vimashua. Ndege za Wabelgiji za kutua majini zilitupa mabomu juu ya bandari ya Kigoma, na majeshi ya Force Publique yalikuwa yanakaribia kwa miguu. Mzinga mkubwa ulikuwa umekwisha kutolewa na kupelekwa fasi ingine ya vita. Mahali pake Wajerumani walisimamisha mti uliochongwa kama mzinga.

Tarehe 26 mwezi wa saba 1916, siku mbili kabla Force Publique haijaingia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wao wenyewe. Hapa ndipo akili ya mafundi ilionekana. Badala ya kuilipua kwa baruti, walipaka mashini grasi nzito, wakajaza mchanga, wakaishusha polepole karibu na fasi mto Malagarasi unaingia ziwani. Walitumaini kurudi kuichukua. Hawakurudi.

Vita hiyo Kongo iliilipa vikali. Wabelgiji walitumikisha wabeba mizigo zaidi ya 200.000, na wengi walikufa kwa njaa, magonjwa na uchovu kabla ya kuona adui.

Baada ya vita Wabelgiji waliiinua meli na kuipeleka Kigoma, lakini dhoruba ikaizamisha mara ya pili. Waingereza, wakiwa sasa watawala wa Tanganyika, waliitoa mwaka wa 1924. Grasi ilikuwa imefanya kazi yake: mashini zilikuwa bado nzima. Mwezi wa tano 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la upande wa kusini wa ziwa. Miaka ya 1970 mvuke uliachwa, ikawekewa mashini za mazutu.

Toka pale ilikuwa ni samaki, mahindi, wachuuzi na wagonjwa, kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi vya njiani havikuwa na bandari, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa inakuja kupokea watu na mizigo katikati ya maji.

Mwaka wa 1997, kisha Mobutu kuanguka, shirika HCR liliitumia kurudisha Wakongomani waliokimbilia Tanzania. Zaidi ya watu 75.000 walipanda Kigoma na kushuka Uvira. Mwezi wa tano 2015 ikaitwa tena, mara hii kwa Warundi waliojaa pwani ya Kagunga, fasi isiyo na maji safi, ambako kolera ilikuwa imeanza kuua. Iliwapeleka Kigoma, mamia kwa mamia kila safari.

Karibu mwaka wa 2018 ilisimama juu ya uzee, na inchi ya Tanzania ikaanza mipango ya kuitengeneza upya. Wakati ule sehemu kubwa ya chuma cha chini ilikuwa ingali ile ile iliyotoka Papenburg ndani ya masanduku.