Kadi za fedha za kigeni: Msafiri asipoangalia, hukatwa mara mbili

MFANYABIASHARA anayetoka Dar es Salaam kwenda Dubai kufuata bidhaa ana njia tatu za kubeba fedha: noti za dola, kadi ya akaunti yake ya benki, au kadi ya kulipia kabla iliyojazwa fedha za kigeni. Hii ya tatu ndiyo isiyoeleweka sana, na makato mengi inayolaumiwa nayo yangeweza kuepukwa.

Kadi hiyo haiunganishwi na akaunti. Mwenyewe hulipa shilingi, nazo hubadilishwa kuwa dola, euro au sarafu nyingine ambayo mtoaji wa kadi anairuhusu. Kiwango cha siku ya kujaza ndicho kinachobaki. Shilingi ikishuka thamani wiki inayofuata, salio halitikisiki. Ikipanda, msafiri hana cha kudai. Kadi ikiibwa, kilicho hatarini ni kile kilichomo tu, na mtaji uliobaki benki hauguswi. Kwa mtu wa Kariakoo aliyezoea kufunga noti kiunoni, hilo si jambo dogo.

Hasara huanza pale sarafu ya kadi inapotofautiana na sarafu ya mahali. Kadi ya dola ikitumika Dubai, dola hugeuzwa dirhamu, na watoaji wengi hutoza ada kwa hatua hiyo. Shilingi zilikwisha kubadilishwa mara moja Dar es Salaam; sasa zinabadilishwa tena. Kama mtoaji anaruhusu dirhamu, ni heri kuulizia kiwango chake na kukilinganisha na gharama ya kupitia dola kabla ya kujaza.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye mashine ya malipo dukani. Mashine nyingi humwuliza mteja kama anataka kulipa kwa dirhamu au kwa sarafu ya kadi yake. Swali hilo huonekana la ukarimu, lakini jibu sahihi karibu siku zote ni sarafu ya nchi aliyopo. Akichagua dola, kiwango hupangwa na upande wa muuzaji na kampuni inayoendesha mashine, wala si na mtandao wa kadi.

Dubai ina kipimo rahisi cha kugundua jambo hili. Tangu 1997 dola moja imefungwa kwa dirhamu 3.6725. Kwa hiyo bili ya dirhamu 3,672.50 ni sawa na dola 1,000 kamili. Mashine ikionyesha dola 1,050, basi dola 50 zinakwenda kwa huduma ambayo mteja hakuihitaji. Kiasi kisomwe kabla ya kubonyeza namba ya siri. ATM nazo huuliza swali lilo hilo.

Hoteli zina taabu yake. Wakati wa kupokea mgeni, nyingi hushikilia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, na fedha hizo zaweza kuchukua siku kadhaa kurudi hata baada ya mgeni kuondoka. Kwa kadi ya kulipia kabla, fedha zilizoshikiliwa ni zile zile za kununulia mzigo. Dhamana ni afadhali itolewe kwa kadi nyingine au kwa noti. Kampuni nyingi za kukodisha magari huzikataa kabisa kadi hizi.

Makato madogo yapo pia: ada ya kutoa fedha kwenye ATM, ya kadi kukaa bila kutumika, na ya kurudisha salio kuwa shilingi. Yote huandikwa katika masharti, kwa herufi ndogo.

Lililo zito zaidi ni nani anayetunza fedha hizo. Juni 2020 kampuni ya Ujerumani ya Wirecard iliomba kufilisiwa baada ya euro bilioni 1.9 kukosekana katika hesabu zake. Mamlaka ya Uingereza ikasimamisha shughuli za kampuni yake tanzu iliyohudumia kadi za kulipia kabla. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini katika siku hizo wateja walikuwa na salio wasiloweza kulitumia hata kununua chakula. Msafiri aliye ugenini na kadi moja tu hana pa kukimbilia likitokea hilo; kadi ya pili ya mtoaji mwingine, pamoja na noti za kutosha siku mbili au tatu, vikae kwenye mfuko tofauti na ule wa kadi ya kwanza.