Mke wa Mzee Kabobo

Ukitoka Kasongo kuelekea kaskazini-magharibi unafika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Mwaka 1871 hapo palikuwa na gulio lililovuma Manyema nzima. Wanawake walivuka mto kwa mitumbwi ya Wagenya wakiwa na samaki, mawese, chumvi, kuku na vyungu. Hata vijiji vilipopigana, mwanamke aendaye sokoni hakuguswa.

Desturi hiyo ilivunjwa tarehe 15 Julai. Watu wapatao 1,500 walikuwa wamekusanyika. Wenye bunduki waliokuja na msafara wa Dugumbe, mfanyabiashara wa Kiarabu, wakagombania kuku, risasi zikalia katikati ya umati, na watu wakakimbilia mitumbwi iliyobanana kwenye mkono wa mto. David Livingstone, aliyekuwa amekwama Nyangwe kwa kukosa mtumbwi, aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wengi walikuwa wanawake waliozama.

Habari ile ilipofika Uingereza iliongeza shinikizo lililofunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Sehemu hiyo imesimuliwa vya kutosha. Mimi nazifuata siku chache za baadaye, watu walipoanza kutafutana.

Dugumbe mwenyewe alituma mtumbwi ukaopoa watu 21. Mwanamke mmoja alikataa kupanda: aliona anaokolewa ili afanywe mtumwa, heri aogelee. Ni nani angemlaumu? Ng'ambo ya mto vijiji vilikuwa bado vinachomwa. Livingstone aliwatuma watu wake wakaokoe wengine, wakiwa na bendera, maana bila bendera nao wangepigwa risasi. Baadhi ya waliookolewa walilala karibu na nyumba yake, wengine wakiwa na majeraha ya risasi. Kisha jamaa na waume wakaanza kuja. Zaidi ya 30 walirudishwa kwao.

Miongoni mwa waliokuja ni mzee aitwaye Kabobo, akimtaka mkewe, mzee mwenzake. Livingstone hakumkabidhi hivi hivi. Alimuuliza kwanza yule bibi: huyu ndiye mumeo? Bibi akamwendea mzee, akamzungushia mkono, akasema ndiye. Nyumba yake na akiba yake vilikuwa vimeteketea, basi akapewa nyuzi tano za shanga akanunue chakula.

Swali lile lilikuwa na kazi yake, kwani katika Manyema ya wakati ule yeyote aliweza kujidai jamaa wa yeyote. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa ambaye baadaye Kasongo ilikuwa ngome yake kuu, ameeleza katika habari za maisha yake, kwa Kiswahili chake mwenyewe, jinsi alivyoupata utawala wa Utetela. Alisikia kwamba chifu mkongwe, Kasongo Rushie, alipotelewa na dada zake wawili waliotekwa zamani. Akajitokeza akisema mmoja wao ndiye bibi yake. Mzee akafurahi kupata mjukuu, akamwachia enzi. Dada hawakupatikana. Na msimulizi haonyeshi haya hata kidogo, anajisifia werevu.

Livingstone naye asifanywe malaika. Shajara yake ya siku zile, aliyoiandika kwa wino wa matunda juu ya gazeti kuukuu kwa kuishiwa karatasi, ilisomeka upya mwaka 2011 kwa msaada wa picha maalumu. Watafiti waliona kwamba aliponakili baadaye, alilainisha yaliyohusu mwenendo wa watu wake mwenyewe. Hata hivyo, kwa yule bibi alifanya jambo ambalo Tippu Tip hakulifanya: alimwacha mwanamke ajisemee.

Ila jina lake hakuliandika. Tunalo la mumewe, la Dugumbe, la Tagamoyo aliyeendelea kuchoma vijiji. La bibi hatunalo. Msomaji uliye Nyangwe, Kasongo au Kabambare, kama kwenu wazee bado wanasimulia habari za gulio lile, ziandike, na majina ya wanawake yaandikwe kwanza.