Tembe

Tembe ni nyumba ya mstatili yenye kuta nene za udongo na paa bapa la magogo lililotandazwa udongo, ambayo aghalabu huzunguka ua wa ndani, na asili yake ni nchi kavu za katikati ya Tanzania, hususan Ugogo. Ukuta hunywa joto la mchana taratibu na kulitoa usiku; madirisha ni haba na madogo, hivyo jua na vumbi havipati njia; tena hakihitajiki kitu ila miti na udongo wa mahali penyewe. Waarabu na Waswahili wa misafara ya biashara waliijenga pia Unyanyembe, pande za Tabora, na tembe ya Kwihara karibu na mji huo, walimokaa wasafiri Livingstone na Stanley mwaka 1872, ingali mashuhuri.

Wafanyabiashara hao walipovuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema, mashariki ya Kongo, ambako mwenzao Tippu Tip aliufanya mji wa Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870, walikuta tabia ya nchi iliyo kinyume: mvua nyingi, na usiku usiopoa kiasi cha kuuburudisha ukuta. Paa la udongo, ambalo huvuja likirowa siku nyingi, halifai huko, hata fundi awe hodari namna gani. Kwa hiyo pande za Kasongo, Lusangi na Kabambare nyumba ya udongo ya pembe nne na baraza yake iliezekwa nyasi kwa paa la mgongo, lenye upenu mrefu wa kuukinga ukuta. Mabati, yaliyoenea baadaye, huzuia mvua kuliko nyasi, lakini hayazuii joto.