Kibabii: Jinsi Injili Ilivyotufikia na Jinsi Tunavyoipeleka



Kamati ya jubilei ilituomba historia fupi. Majina ya wenyeviti na walimu wa kwaya, pamoja na picha za sare zetu zote (hata zile za rangi ya machungwa ambazo wengi wangependa zisahaulike), mtayaona katika kurasa nyingine. Hapa tumechagua swali moja. Mwishoni mwa Injili ya Mathayo, Bwana anawatuma wafuasi wake waende kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi. Agizo hilo lilifikaje Kibabii, na sisi waimbaji linatuhusu nini?

Lilikuja kwa njia ndefu. Shirika la Mill Hill lilianzishwa Uingereza mwaka 1866 na Herbert Vaughan. Mapadri wake wa kwanza waliingia Uganda mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 njia ya kuja huku ikawa nyepesi, na mwaka 1906 wakafungua misheni ya Mukumu. Kutoka huko walisogea polepole kuelekea kaskazini, hadi Kibabii nayo ikawa misheni katika miaka iliyo kati ya vita viwili vya dunia. Hawakuwa peke yao. Kanisa la Friends, lililoanza Kaimosi mwaka 1902, lilikwisha kufika Lugulu, na ndiyo maana hadi leo nyumba nyingi za Bungoma zina Mkatoliki na Mfriends wanaokula sahani moja.

Lakini padri mmoja hawezi kuwa kila mahali. Aliyebaki kijijini baada ya padri kuondoka alikuwa katekista. Huyo ndiye aliyewakusanya watoto chini ya mti, akawafundisha maswali na majibu ya katekisimu mpaka wakayajua kwa moyo, akawaombea wagonjwa na kuwazika wafu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya umisionari, uliwasifu makatekista waziwazi. Kwa maoni yetu sifa hizo zilichelewa. Na kwa kuwa wengi wa wanafunzi wake hawakujua kusoma, wimbo ulikuwa daftari lao. Walijifunza Kyrie na Gloria za Misa ya Kilatini, kwa sikio tu. Waliojua maana ya kila neno walikuwa wachache, lakini walijua ni wakati gani wa kupiga magoti.

Hapa tunafika kwenye sura ambayo baadhi yetu walipendekeza isiandikwe katika kijitabu cha sherehe. Tumeona ni lazima iandikwe. Mwezi wa Februari 1948, wafuasi wa Dini ya Msambwa waliandamana hadi hapa misheni ya Kibabii. Siku chache baadaye, huko Malakisi, polisi waliufyatulia umati risasi na watu 11 wakafa. Serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku dini hiyo, na kiongozi wake, Elijah Masinde, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.

Masinde hakuwa mgeni kwa Injili. Alilelewa katika Kanisa la Friends. Malalamiko yake yalikuwa juu ya ardhi na utawala wa wazungu, na pia juu ya wamisionari waliowafundisha Wabukusu kuyadharau ya wazee wao. Wazee wetu walikwisha kumwita Muumba Wele Khakaba kabla padri yeyote hajavuka mto Nzoia. Waliopiga litungu na kucheza ngoma waliambiwa mara nyingi kwamba hayo ni mambo ya kipagani. Hatusemi kwamba Masinde alikuwa sahihi katika kila jambo. Tunasema kwamba waliokuja kupiga kelele mlangoni walikuwa ndugu na majirani wa waliokuwa ndani wakiimba.

Miaka 15 baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, siku nane tu kabla ya uhuru wa Kenya, Mtaguso ulipitisha hati juu ya liturujia. Iliruhusu lugha za watu zitumike zaidi katika ibada, na ikataka muziki wa asili katika nchi za misheni upewe heshima yake. Mwaka 1969 Papa Paulo wa Sita alifika Kampala na kuwaambia Waafrika kwamba sasa wao ndio wamisionari wao wenyewe. Ngoma na kayamba vikaingia kanisani kwa mlango wa mbele. Kwaya kama yetu zisingekuwapo bila mageuzi hayo.

Nyimbo hizo hazikukaa Kibabii. Wabukusu wengi walikuwa wamehamia Trans Nzoia kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru wengine wakanunua mashamba huko. Walibeba jembe, mbegu na nyimbo za kanisa. Mahali ambapo hapakuwa na padri wala jengo, watu wachache waliojua kuimba walitosha kuanzisha sala ya Jumapili. Leo kuna Jimbo la Bungoma, tangu 1987, ambalo askofu wake wa kwanza alikuwa Longinus Atundo, na Jimbo la Kitale, tangu 1998.

Na sisi? Tukiwa wakweli, Jumapili tunawaimbia waliokwisha kuja. Kazi ya kufanya wanafunzi tunaikuta zaidi matangani. Pale chini ya turubai huketi Mkatoliki, Mfriends, kijana asiyeingia kanisa lolote, na mzee wa ukoo ambaye babu yake labda alikuwa Malakisi mwaka 1948. Hakuna anayehubiriwa kwa nguvu. Tunaanza wimbo kwa Lubukusu, sauti ya kwanza peke yake, na kabla ya ubeti wa pili mzee huyo amekwisha kuokota besi.