Ubuntu na ndugu zake: Kompyuta kuukuu ifungiwe toleo lipi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazikidhi masharti ya Windows 11, hasa sharti la kuwa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Shule, ofisi ndogo au familia yenye kompyuta za namna hiyo ina njia kadhaa mbele yake: kununua mashine mpya, kuendelea na mfumo usiopata tena kinga dhidi ya wadukuzi, au kuhamia kwenye mfumo mwingine.

Miongoni mwa mifumo inayotajwa sana ni Ubuntu, ambayo hutolewa bure. Hata hivyo, anayeitafuta hukutana na majina mengi yanayofanana: Ubuntu yenyewe, Kubuntu, Xubuntu, Lubuntu, Ubuntu MATE na mengineyo. Uchaguzi miongoni mwao si suala la kupenda rangi hii au ile tu. Ndio unaoamua iwapo kompyuta kuukuu itafanya kazi kwa wepesi, na itahudumiwa kwa miaka mingapi.

Asili moja

Ubuntu ilitolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 na Canonical, kampuni iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth, mfanyabiashara wa Afrika Kusini. Jina lenyewe limetoka katika lugha za Kinguni, na msemaji wa Kiswahili hulitambua bila mkalimani: maana yake ni utu. Kwa kuwa mfumo huu umejengwa juu ya Linux na programu huria, kila mtu ana ruhusa ya kuuchukua, kuubadilisha na kuugawa. Ndivyo ndugu zake walivyozaliwa: Kubuntu mwaka 2005, Xubuntu mwaka 2006, kisha Lubuntu iliyotambuliwa rasmi mwaka 2011 na Ubuntu MATE mwaka 2015.

Matoleo hayo yote hutumia kiini kimoja cha Linux na huchota programu kutoka ghala moja. Printa inayokubaliwa na Ubuntu hukubaliwa pia na Xubuntu, na hati iliyoandikwa kwa LibreOffice katika Kubuntu hufunguka katika Lubuntu bila kubadilika. LibreOffice hiyo ilichipuka kutoka OpenOffice, programu ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.

Kinachotofautiana

Tofauti kubwa imo katika tabaka moja: eneokazi, yaani sehemu anayoiona mtumiaji baada ya kuwasha kompyuta, pamoja na menyu, madirisha, vitufe na programu ya kupanga mafaili.

Ubuntu hutumia eneokazi la GNOME. Upande wa kushoto wa skrini pana safu ya alama za programu, na mipangilio ya kubadilisha imepunguzwa ili mtumiaji asichanganyikiwe. Kubuntu hutumia KDE Plasma, yenye upau wa chini na menyu ya pembeni inayomkumbusha mtu Windows, huku karibu kila kitu kikiweza kubadilishwa. Xubuntu hutumia Xfce, eneokazi lililo tulivu na lisilobadilika sana kutoka toleo hadi toleo. Ubuntu MATE huendeleza sura ya GNOME ya zamani, iliyoachwa na watengenezaji wake mwaka 2011. Lubuntu hutumia LXQt, iliyopunguzwa mapambo kwa makusudi.

Uzito

Kila eneokazi hula sehemu ya kumbukumbu ya RAM kabla ya mtumiaji kufungua programu yoyote. Kwa Ubuntu 24.04, Canonical inapendekeza RAM ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 25 kwenye diski. Mashine yenye gigabaiti 8 hubeba toleo lolote kati ya haya. Yenye gigabaiti 4 itaendesha Ubuntu, lakini itapumua vizuri zaidi ikiwa na Xubuntu au Ubuntu MATE. Yenye gigabaiti 2 haina budi kuanzia Lubuntu.

Hapo, hata hvyo, pana jambo ambalo wengi hulisahau. Eneokazi jepesi haliupunguzii uzito ukurasa wa intaneti. Kivinjari kilichofunguliwa kurasa kumi hula kumbukumbu ileile, kiwe ndani ya Ubuntu au ndani ya Lubuntu. Kwa anayefanya kazi zake zote mtandaoni, kuongeza RAM au kubadilisha diski ya kuzunguka kwa diski ya SSD huenda kukasaidia kuliko kubadili toleo.

Aidha, matoleo mapya yanahitaji prosesa ya biti 64. Xubuntu na Lubuntu za 18.04 ndizo za mwisho za huduma ya muda mrefu kutolewa kwa mashine za biti 32, na muda wa huduma yake ulikwisha mwaka 2021.

Umri wa huduma

Tofauti ya pili haionekani kwenye skrini. Kila baada ya miaka miwili hutolewa toleo la huduma ya muda mrefu, liitwalo LTS. Ubuntu 24.04 huhudumiwa na Canonical kwa miaka 5, hadi mwaka 2029. Matoleo ndugu ya 24.04 yameahidiwa miaka 3 tu, hadi 2027, kwa kuwa maeneokazi yake hutunzwa zaidi na watu wa kujitolea. Matoleo ya kati, yasiyo ya LTS, huhudumiwa kwa miezi 9.

Historia inaonyesha uzito wa jambo hilo. Edubuntu, iliyokusudiwa shule, ilisimama baada ya toleo la 14.04 na ikarejea tu mwaka 2023. Ubuntu GNOME ilifungwa mwaka 2017, pale Ubuntu yenyewe ilipoamua kurudi kwenye GNOME.

Kabla ya kuchagua

Matoleo yote haya yanaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Ni vyema katika jaribio hilo kupima Wi-Fi, sauti, printa na kivinjari, na kunakili mafaili yote mahali pengine kabla ya kuanza kufunga mfumo. Inawezekana pia kuongeza eneokazi la pili juu ya lile lililopo, lakini programu za pande zote mbili hujazana kwenye menyu moja, na kuziondoa baadaye ni kazi.

Kwa shule yenye kompyuta nyingi na fundi mmoja, Ubuntu ya LTS ina faida ya miaka mingi zaidi, mradi mashine zina RAM ya kutosha. Pale RAM inapopungua, Xubuntu au Lubuntu huirefushia mashine maisha, ila fundi hana budi kuweka kwenye kalenda yake mwaka wa tatu, atakapolazimika kupandisha toleo.