Ziwa Lililohama na Kanuni ya Mita 60

Mkazi wa Rusimbi, katika mji wa Kigoma-Ujiji, hukutana na mambo mawili yamtatizayo, wala aghalabu hayaoni kuwa yana uhusiano. La kwanza ni swali la wageni. Wakipelekwa Ujiji kuutazama mnara wa ukumbusho wa mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, huuliza ziwa liko wapi. Maana vitabuni wamesoma habari za bandari, nao wamesimama nchi kavu, mamia ya mita kutoka majini. La pili ni kero. Mwenye kiwanja karibu na ufuko huambiwa kwamba haruhusiwi kujenga kitu cha kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Yeye huitazama ardhi yake, akaona hapana maji wala tope, na majani yameota. Basi hudhani kwamba kanuni hiyo imetungwa na watu wasiolijua ziwa.

Mambo hayo mawili yana jawabu moja, nalo limo katika historia ya ziwa lenyewe.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake, kifikacho karibu mita 1,470, hupitwa na kina cha ziwa Baikal peke yake duniani. Mto Ruzizi huliletea maji kutoka Ziwa Kivu, na Malagarasi huleta ya upande wa mashariki. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, nao ni mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, ulipo leo mji wa Kalemie. Tena sehemu kubwa ya maji yapoteayo haipiti mlangoni humo, bali hugeuka mvuke kwa jua na upepo. Kwa hiyo ziwa hili ni mfano wa mtungi uliotobolewa karibu na shingo. Mvua zikipungua kwa miaka mingi, maji hushuka chini ya tundu, na Lukuga hukoma kutiririka. Hapo matope ya vijito na mafunjo hujaa katika njia yake, hata yakawa boma. Mvua zirudipo, ziwa hupanda, likaukuta mlango umefungwa. Halina budi kuzidi kupanda mpaka lilipite boma hilo au lilivunje.

Hayo ndiyo yaliyotukia katika karne ya 19, na wasafiri waliyashuhudia hatua kwa hatua. Mwaka 1874 Cameron aliizunguka sehemu ya kusini ya ziwa, akautambua Lukuga kuwa ndio mlango, ila ulikuwa umesongwa na mimea. Mwaka 1876 Stanley alifika hapo, akaona tope na mafunjo, akatabiri kwamba maji yakiendelea kupanda yatapasua njia. Hakukosea. Mmisionari Hore, aliyekuwa baharia kabla ya kufika Ujiji mwaka 1878, alipokwenda Lukuga mwaka 1879 alikuta mto wenye nguvu ukielekea magharibi. Na Thomson aliuona vivyo hivyo mwaka huo huo. Boma lilikuwa limekwisha kuvunjika. Katika muda usiozidi miaka ishirini uso wa ziwa ulishuka kiasi cha mita 10.

Mita 10 za kwenda chini si nyingi palipo na majabali, kwani hapo maji hushuka tu ukutani. Lakini ufuko wa Ujiji ni wa mteremko wa polepole, na kwenye nchi ya namna hiyo maji yakishuka kidogo huenda mbali. Ndiyo maana ukingo ulikimbia na kuuacha mji nyuma. Kigoma, kwa upande wake, ina ghuba yenye kina, iliyokingwa na vilima. Reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika ziwani mwaka 1914, nayo ilikwenda Kigoma, si Ujiji. Na hapo Kigoma ndipo meli iitwayo leo Liemba iliposhushwa majini mwaka 1915. Haifai kudai kwamba kushuka kwa maji peke yake ndiko kulikoamua mambo, maana meli kubwa zingeihitaji ghuba ile kwa vyovyote. Lakini Ujiji, uliokuwa kikomo cha njia ya misafara, ulipoteza bandari yake mara mbili: mara moja kwa ziwa, na mara ya pili kwa reli.

Kosa la mwenye kiwanja ni kudhani kwamba habari hiyo imekwisha. Baada ya mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 ziwa lilipanda, likafikia kilele mwaka 1964. Lilipanda tena miaka ya 2020 na 2021, na mwaka 2024 maji yaliingia bandarini Bujumbura na katika nyumba za Gatumba, huko Burundi. Hata katika mwaka wa kawaida uso wa ziwa hupanda na kushuka kwa majira.

Basi Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inapokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za ufuko, hapana haja ya kuistaajabia. Palipo na mteremko wa mita moja kwa kila mita 60, ziwa likipanda mita moja tu huifunika nafasi hiyo yote. Tena ardhi hiyo, ikiachwa na mimea yake, huzuia udongo na uchafu kuingia katika maji ya kando, wanamozaliana samaki wengi.

Hata hivyo malalamiko hayakosi haki. Kipimo hicho ni kimoja kwa ufuko wa namna zote: penye majabali huenda kikawa kikubwa kuliko hatari yenyewe, na penye tambarare huenda kisitoshe. Tena ukingo unaopimiwa hausimami mahali pamoja. Aliyenunua kiwanja wakati wa maji machache huenda amenunua sehemu ya ziwa bila kujua, na aliyemuuzia labda hakujua vilevile. Mtu wa namna hiyo akipewa amri bila sababu, huona ameonewa. Akipewa sababu, aweza kuhesabu hasara yake kabla ya kutoa fedha.

Sababu hiyo haiko mbali. Mgeni aulizapo penye mnara wa Ujiji ziwa liko wapi, inafaa ajibiwe kwamba lilikuwa karibu zaidi, likaondoka, na njia ya kurudi halijaisahau. Inafaa mwenye kiwanja naye awepo asikie.